Twiga Asisimame

Mwalimu Abednego alimchapa mwanangu kwa waya wa kuchajia simu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Buswahili wakisimulia habari yangu huanzia mbele, huanzia siku niliyomvunja Mama Matrida mkono, kana kwamba niliamka tu asubuhi nikaona mkono mzima unaniudhi.

Ilikuwa Jumanne. Nyamburi alirudi nyumbani sketi imeganda kwenye mapaja, na nilipoibandua ilitoka na ngozi. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na hajui kusoma hata jina lake. Si kwamba hana akili. Mpe ng'ombe ishirini wapite mbele yake, jioni atakwambia yupi anachechemea na mguu gani. Lakini mweke mbele ya ubao, macho yanatoka dirishani na yeye anatoka nayo. Atafuata siafu, atafuata mlio wa pikipiki, atafuata kitu ambacho hata mimi mama yake sikioni. Mwalimu akiuliza, hayupo. Akichapwa anarudi kidogo, halafu anaondoka tena.

Nilikwenda shuleni bila viatu. Mwalimu Abednego alikuwa anaandika tarehe ubaoni. Sikumsalimia. Nilimkamata tai kwa nyuma nikamgonga uso kwenye ubao mara mbili, mpaka tarehe ikahamia kwenye paji lake. Naye si mtu wa kupigwa bure. Alinirudishia ngumi ya sikio ambayo hadi leo nikilala upande ule nasikia mlio. Tukaanguka kati ya madawati, watoto wanapanda ukutani, na mwalimu mkuu alipofika kututenganisha nilikuwa na kifungo cha shati la mwenzangu mdomoni.

"Huyu mtoto wako anatushindaga wote!" Abednego alipiga kelele huku damu ikimtoka puani. "Unafikiri mimi napendaga kuchapa? Niko na watoto sabini na tatu humu ndani, mama! Sabini na tatu!"

Mwalimu mkuu, Dorkas, angeweza kuniitia polisi. Badala yake aliniketisha ofisini, akanipa maji, akaandika barua. Musoma mjini kuna kituo kinachopima watoto wa namna hii, akasema. Nikimpeleka Nyamburi huko, yeye atasahau habari ya tai. Nisipompeleka, nitafute shule nyingine. "Na wewe mama Nyamburi," akaongeza akigonga muhuri, "wakikupima kichwa na wewe haitakuwa vibaya."

Barua niliipeleka kwa Mama Matrida, kwa sababu ndiye aliyenioa. Kwa wasiojua mambo ya kwetu Mara: mwanamke mwenye mji wake na ng'ombe wake, kama hakujaliwa mtoto, anaweza kutoa mahari akaoa msichana. Watoto atakaowazaa msichana huyo ni wa yule mwanamke, wanabeba jina la mji wake. Ndiyo nyumba ntobhu. Mimi nilitolewa kwetu Mugeta nikiwa na miaka kumi na tisa. Aliyenipa mimba ya Nyamburi alikuja akaenda, na sina neno naye. Mtoto ni wa Mama Matrida. Mimi ni mzazi tu.

Na sikuwa na la kulalamika. Mama Matrida, na Matrida ni jina lake mwenyewe, si la mtoto, alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, na alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyeifanya pande zile: alifunza maksai. Wanaume wazima walitoka mpaka Guta kumletea madume yaliyowashinda. Aliyafunga nira, akatembea nyuma yake kimya na mjeledi, na baada ya wiki tatu yalilima mstari ulionyooka. Hakupiga ovyo. "Sio kupiga sana," aliniambiaga. "Ni kupiga kwa wakati. Ng'ombe ametoka mstarini, hapo hapo unamgusa. Amerudi, unaacha. Ukichelewa, hajui kosa lake ni lipi, umemuonea bure." Ng'ombe wake mwenyewe wawili, Diwani na Mkaguzi, ungeweza kuwalimisha umefumba macho.

Nyamburi alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, nasema wazi. Maini yakipikwa, kipande cha kwanza kilikuwa cha mtoto. Alipougua malaria, Mama Matrida alimbeba mgongoni mpaka zahanati mvua ikinyesha na mimi nyuma yao nateleza. Alitaka kitu kimoja tu kwa mtoto yule: asome. Miaka ya nyuma shemeji yake Ephraim alimletea karatasi, akasema ni ya pamba, ya ushirika. Akaweka dole gumba. Kumbe ilikuwa nusu ya shamba lake. Tangu siku ile alitaka nyumbani mwake awepo mtu wa kusoma karatasi kabla dole halijaguswa na wino. Mimi nilisoma mpaka la saba, lakini mimi nimetoka Mugeta, na siku yoyote naweza kurudi Mugeta. Alitaka mtu wake.

Kituo cha Musoma kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu upande wa ziwani. Aliyetupokea ni Sabiha, binti wa wafanyabiashara wa pale pale mjini, mtandio mweupe, mkono mwepesi, sauti ya mtu asiyewahi kufokewa. Alimpima Nyamburi siku mbili kwa picha, kwa hadithi, kwa vijiti. Kisha akatuita.

"Shikamoo mama," alimwambia Mama Matrida kwanza. "Mtoto wenu siyo mvivu, wala hajalogwa. Ana shida ya umakini. Akili ipo, ila haishiki."

Akatoa mkanda wa kuvaa kichwani, wenye vibati vidogo kwenye paji la uso, na kishikwambi. Ubongo una umeme wake mdogo, akasema, na vibati vile vinausoma. Akamvisha Nyamburi. Kwenye kioo akatokea twiga. Mtoto akimkazia mawazo, twiga anatembea na picha inang'aa. Mawazo yakiondoka, twiga anasimama na picha inafifia. Twiga akatembea hatua tano, akasimama. Akatembea, akasimama. Nyamburi alicheka mpaka mkanda ukamshuka machoni.

"Ubongo unapenda kumuona twiga anatembea," Sabiha alisema, "kwa hiyo unajifunza wenyewe, taratibu. Sio dawa. Kuna watoto inawasaidia, kuna ambao hatuoni kitu kikubwa, na wataalamu bado wanabishana. Lakini haimuumizi."

Mama Matrida alikuwa ameinamia kioo. "Kwa hiyo akitoka mstarini, hii kitu inasemaga?"

"Inaonyesha, mama."

"Hapo hapo?"

"Ndani ya sekunde moja."

"Na akirudi?"

"Akirudi pia inaonyesha."

Mama Matrida aliitikia kwa kichwa taratibu, macho yamemlegea kwa furaha, na Sabiha akafurahi kuona bibi wa kijijini ameelewa haraka namna ile. Mimi pia nilifurahi. Mjinga mimi, niliona fahari.

Kwa kuwa tunakaa mbali, tuliazimwa vifaa kwa wiki sita. Dakika ishirini, siku nne kwa wiki. Sabiha aliandika maelekezo kwenye karatasi na nyumbani niliyasoma kwa sauti: mtoto akae kwa raha, asifokewe, asilazimishwe.

"Sitamfokea," alisema Mama Matrida. Na kweli hakumfokea hata siku moja.

Jumatatu ya kwanza tulikaa chumba cha mbele. Nyamburi kwenye kigoda, kishikwambi juu ya gunia la mtama, mimi pembeni nikiangalia saa. Mama Matrida alikaa nyuma ya mtoto. Nilidhani amekaa tu. Twiga akatembea, akatembea, akasimama. Nikasikia kitu kinakata hewa. Ufito wa mkwaju ulimpata Nyamburi katikati ya mabega, pa, mara moja, na mtoto akaruka kama aliyekaa juu ya kaa la moto. Twiga akaanza kutembea.

"Mama!" nikasema.

"Nyamaza. Angalia kioo."

Niliangalia. Twiga alikuwa anatembea, picha inang'aa. Nyamburi analia, machozi yanamdondoka mapajani, lakini twiga anakwenda. Akasimama. Pa. Akatembea. Siku ile nilihesabu thelathini na moja. Kati ya pigo na pigo Mama Matrida alitulia kabisa, hakukunja uso, alikuwa na subira ya mtu anayechuja maziwa. Dakika ishirini zilipoisha alimkumbatia mtoto, akampa kipande cha muwa, akasema amefanya vizuri.

Usiniulize kwa nini sikumnyang'anya ufito. Mimi niliyemgonga mwalimu kwenye ubao, mimi wa kifungo mdomoni. Nitasema tu ukweli: Jumanne nilihesabu ishirini na mbili. Alhamisi kumi na nne. Wiki ya pili tulifika tano. Nilikuwa naona mwanangu anapona, na nikawaambia watu kisimani. Jirani wakaja kutazama, wakajaa mlangoni, wakawa wanamshangilia twiga kama mpira. Ufito ukipiga, mmoja anasema, "Huyo, amerudi!" na wengine wanacheka. Mimi niliwapa viti. Nilikaanga hata karanga.

Shuleni Mwalimu Abednego alinisimamisha njiani, plasta bado puani. "Sijui mmempa nini," akasema, "lakini siku hizi anakaaga kama sanamu. Sijamgusa wiki mbili." Tukapeana mikono. Sikumuuliza kama anasoma.

Alikuwa hasomi. Hilo niligundua nyumbani, nilipomwekea kitabu. Alikikazia macho bila kupepesa, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, na hakutamka hata herufi moja. Alikuwa anasubiri. Nilipomgusa bega kumwambia basi inatosha, alikojoa.

Wiki ya tatu tulitakiwa kurudi Musoma kuonyesha maendeleo. Nilikwenda naye peke yangu, Mama Matrida alikuwa na dume la mtu wa kufunza. Sabiha alifungua kishikwambi, akatazama mistari inavyopanda, akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka.

"Dada Happyness, hizi namba ni kubwa mno."

"Si ndiyo vizuri?"

Alinivisha mimi mkanda. Twiga akajikongoja, akasimama. "Sasa ng'ata meno," akasema. "Kwa nguvu." Niling'ata. Twiga akaondoka mbio, picha ikawaka kama mchana. Nilikuwa siwazi kitu chochote, nilikuwa nang'ata tu meno.

"Misuli ya taya ina umeme mkubwa kuliko ubongo," Sabiha alisema polepole. "Mkanda wa nyumbani unadanganyika. Mtoto huyu hajajifunza umakini. Amejifunza kung'ata."

Alimwomba Nyamburi afungue mdomo. Jino la nyuma, la ukubwani, lilikuwa limepasuka katikati. La upande wa pili limemeguka. Mwanangu alikuwa amepasua meno yake mwenyewe ili twiga asisimame, na mimi niko pembeni nahesabu kwa furaha. Kisha Sabiha akainua shati. Sitaeleza mgongo ule. Waliouona kwangu mlangoni waliuona, wakala karanga.

"Nani amefanya hivi?"

Nilifungua mdomo kumtaja Mwalimu Abednego. Naona aibu mpaka sasa kwamba jina lake lilinifika ulimini. Lakini Nyamburi aliwahi.

"Bibi ananifundishaga," akasema, kwa heshima, kama anajibu swali la darasani.

Sabiha alifunga mlango. Sauti ile isiyofokewa ilibadilika. Alichukua mkanda na kishikwambi akavifungia kabatini. Alisema ataandika kwa ustawi wa jamii Butiama, kwamba ni wajibu wake, kwamba mtoto anaweza kuondolewa pale nyumbani. Alinipa namba yake. "Akipigwa tena hata mara moja, unanipigia. Umenielewa? Mara moja." Nikasema nimeelewa. Njia nzima nilikuwa na hasira, na sikujua ni hasira na nani.

Nilimkuta Mama Matrida anakamua. Nilimwambia yote, meno, taya, mistari ya uongo. Alisikiliza bila kuacha kukamua.

"Kwa hiyo wamechukua kioo chao."

"Wamechukua. Na wewe unaacha, mama. Leo."

"Hamna shida." Alisimama na ndoo. "Sasa hivi nishamjua. Uso wake ukitoka mstarini nauonaga mwenyewe, hata bila twiga."

Nilidhani nimesikia vibaya. Jioni ile ile tukala. Nyamburi aliinua macho kumtazama mjusi ukutani, na ufito ukashuka. Alikuwa anafagia, akasimama kusikiliza njiwa, ufito ukashuka. Zamani ilikuwa dakika ishirini. Sasa ilikuwa kutwa nzima, tangu jogoo mpaka kulala, kila mahali, na yule mama hakukosea hata mara moja; mtoto akiondoka tu kichwani, yeye alijua kabla yangu. Siku ya pili nilijiweka katikati. Alinipiga mjeledi wa ng'ombe usoni. Ulinichana kutoka jicho mpaka kidevu, kovu hili unaloliona. Hakunipiga kwa hasira. Alinipiga kwa sababu nilikuwa njiani.

"Mtoto ni wa nani, Happy?" aliuliza.

Damu ilikuwa inaniingia mdomoni. Nilitafuta simu nimpigie Sabiha, nikakuta ameivunja kwa mgongo wa panga, vipande vimepangwa vizuri juu ya kitanda changu.

Kesho yake alfajiri nilimchukua Nyamburi tukakimbia. Bunda stendi nikampata mtu wa Mugeta mwenye pikipiki, na saa nne tulikuwa kwa kaka yangu Rafaeli. Alitoka mlangoni, akaona uso wangu ulivyofumuka, akaona mgongo wa mtoto, na nikaona huruma ikimpita machoni. Halafu akamtazama mke wake na watoto wake watatu. Yule mke alimuoa kwa ng'ombe wa mahari yangu.

"Wewe unaweza kubaki," akasema. "Mtoto anarudi. Huyo ni wa mji wa watu."

"Watamuua, kaka."

"Mtoto anarudi."

Nilimrukia. Nilimng'ata mkono nikamchana shingo, na yeye akavua mkanda wa suruali akanipiga kwa upande wa chuma, kichwani, mgongoni, kwenye vidole nilivyoinua kujikinga, mpaka wifi akalia akisema Rafaeli inatosha. Alipokuwa ananipiga alikuwa analia na yeye. Nilimchukia zaidi kwa yale machozi. Nyamburi alisimama pembeni ya banda la kuku, amenyooka, mikono kwenye mapaja, taya limekaza. Hakupepesa.

Jioni tulirudishwa Buswahili, mimi na mtoto, wote wawili, kwa sababu sikukubali arudi peke yake. Mama Matrida alitupokea kwa uji. Hakusema neno juu ya safari yetu.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku ule, na asubuhi akasema tunakwenda kulima. Diwani na Mkaguzi wakafungwa nira. Mimi nilishika plau. Mama Matrida alitembea kando na mjeledi. Mbele ya ng'ombe, ameshika kamba ya kuwaongoza, aliwekwa Nyamburi.

Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili, karibu na kichuguu, korongo walipita juu, kundi kubwa, na mtoto akainua uso. Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya twiga Musoma. Kamba ikalegea, ng'ombe wakayumba kulia, na mjeledi ukapita juu ya migongo yao wote wawili ukamfikia mtoto shingoni. Nyama ikafunguka.

"Mstarini," alisema Mama Matrida.

Nyamburi aliuma meno akanyoosha shingo. Akatembea. Macho mbele, mbele tu, haangalii anapokanyaga, haangalii nyuma. Alipunguza mwendo kwenye tope na Diwani hakupunguza. Ile kwato yote, na uzito wote wa ng'ombe yule, ilishuka juu ya kisigino chake. Nilisikia mlio. Mtoto hakulia. Aliuchomoa mguu, akaendelea kutembea, akichora damu kwenye mstari, macho mbele, taya limekaza, na mimi niliyemzaa nilikuwa nasukuma jembe nyuma yake.

Niliachia plau. Kando ya shamba palikuwa na jembe la mkono lisilo na bamba, mpini mtupu wa mti mgumu. Niliuokota. Mama Matrida aligeuka akaniona, akainua mjeledi, na niliupiga ule mkono juu ya kiwiko kwa nguvu zote nilizowahi kuwa nazo. Ulivunjika kama muhogo. Mjeledi ukaanguka. Ningeweza kuacha hapo. Ningeacha hapo, watu wa Buswahili wangekuwa upande wangu leo.

Nilimpiga paja, akapiga magoti. Nilimpiga mgongoni, pale pale katikati ya mabega, na nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Nilimwambia hii ya Jumatatu, hii ya Jumanne. Nilimpiga kwa ajili ya Rafaeli ambaye sikumuweza, na kwa ajili ya jirani waliokula karanga zangu, na kwa ajili yangu niliyezikaanga. Alianguka kifudifudi kwenye udongo uliolimwa, akawa anavuta pumzi kwa mdomo. Ng'ombe walisimama wanatafuna. Kumi na moja, nikasema. Kumi na mbili.

"Happy," alisema kwa chini. "Mwanangu."

Nikauinua mpini usawa wa kichwa chake. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Hakuna aliyenishika mkono, na simsingizii mtu.

Nyamburi alikuja akitambaa, kwa sababu mguu haukumbeba. Alijitupa juu ya bibi yake, akamfunika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Nimerudi, mama!" akapiga kelele. "Nimerudi, nimesharudi! Ni mimi nilitoka mstarini, sio bibi! Niliangalia ndege! Sitaangaliaga tena!"

"Nyamburi, toka hapo."

Alitoka. Mara moja, bila kubisha. Akapiga magoti kwenye tope mbele yangu, akageuka akanipa mgongo, na kwa vidole vyake mwenyewe akaliinua shati mpaka shingoni. Nikaona mabega yakikaza. Nikaona taya likifunga.

Niliutupa mpini. Niliutupa mbali, upande wa kichuguu, ukaanguka kwa kishindo. Nikamwambia nimeutupa, mwanangu, geuka uone, mama hana kitu mkononi. Nilisema hivyo mara nyingi. Mama Matrida naye, uso kwenye udongo, alianza kumwambia geuka. Tulimwambia wote wawili, mpaka watu wakaanza kuja mbio kutoka barabarani, na hakugeuka.